Barabara Kuu ya Dalton

Barabara Kuu ya Dalton ni barabara ya jimbo la Alaska, kaskazini kabisa mwa Marekani. Ina urefu wa km 666. Ni njia pekee ya gari inayofika hadi Deadhorse, karibu na visima vya mafuta vya Prudhoe Bay kwenye pwani ya Bahari ya Aktiki.

Njia

Barabara inaanza kwenye njia panda ya Barabara Kuu ya Elliott, takriban km 135 kaskazini kwa mji wa Fairbanks. Inavuka mto Yukon kwa daraja lililokamilika mwaka 1975, halafu inapita duara ya Aktiki na kufika Coldfoot. Kutoka hapo hadi Deadhorse, mwendo wa takriban km 386, hakuna kituo cha mafuta wala duka. Barabara inapanda milima ya Brooks hadi kipito cha Atigun, mita 1,444 juu ya usawa wa bahari, kisha inashuka kwenye tambarare ya tundra isiyo na miti.

Historia

Mafuta yalitambuliwa Prudhoe Bay mwaka 1968. Ili kujenga bomba la kuyapeleka hadi bandari ya Valdez kusini, ilihitajika kwanza njia ya malori. Barabara ilijengwa mwaka 1974 kwa muda wa miezi mitano tu. Mwaka 1981 ilipewa jina la mhandisi James Dalton. Kwa miaka mingi sehemu ya kaskazini ilikuwa kwa wenye kibali pekee. Mwaka 1994 ilifunguliwa yote kwa umma. Hata hivyo, msafiri wa kawaida hawezi kuendesha gari lake kutoka Deadhorse hadi baharini, kwa sababu eneo la visima limefungwa.

Matengenezo

Sehemu kubwa ni ya changarawe, na chini yake kuna udongo ulioganda mwaka mzima. Joto likiyeyusha barafu hiyo, ardhi hudidimia na barabara hupata mawimbi na nyufa. Ndiyo maana tuta hujengwa nene, ili kuikinga barafu isipate joto. Mwaka 2015 mto Sagavanirktok ulifurika na kuikata barabara karibu na Deadhorse. Mwaka 2018 sehemu moja katika milima ya Brooks ilihamishwa, kwa kuwa lundo la udongo na mawe yaliyoganda lilikuwa likiteremka polepole kuielekea.