Mshale wa spidi umelala? Usikimbilie kununua waya mpya

Bodaboda nyingi barabarani mshale wa spidi umelala kwenye sifuri na dereva hana habari. Chombo kinawaka, abiria anafika, basi. Shida ni kwamba waya wa spidi ukikatika, namba za kilomita nazo zinasimama. Anayetembea kilomita 100 kwa siku anamaliza 3,000 kwa mwezi, huku dashibodi ikisoma namba zilezile za mwezi uliopita. Muda wa kumwaga oili unapita bila kujua, injini inakufa, kumbe chanzo ni kiwaya tu.

Halafu kuna sheria. Tanzania na Kenya, mwisho wa mwendo mjini ni kilomita 50 kwa saa. Asiye na mshale anakisia.

Unavyofanya kazi

Kwenye pikipiki nyingi za waya, pembeni ya gurudumu la mbele kuna kiboksi chenye gia ndogo. Gurudumu likizunguka, gia inazungusha waya wa ndani, ambao unazunguka ndani ya ganda lake mpaka kwenye dashibodi. Huko juu unazungusha sumaku iliyo karibu na kikombe chepesi cha aluminiamu. Sumaku inakivuta kikombe, springi inakizuia, na mshale unaonyesha spidi. Namba za kilomita zenyewe zinasukumwa na gia kutoka kwenye waya huohuo.

Jua ugonjwa kwanza

1. Mshale umelala lakini kilomita zinahesabu: waya ni mzima, tatizo liko ndani ya dashibodi.

2. Vyote vimelala: mara nyingi waya umekatika au umechomoka, au gia ya gurudumuni imelika.

3. Mshale unarukaruka, au kuna mlio wa kukwaruza: waya ni mkavu au umepinda mahali.

Ili kuhakikisha, fungua waya upande wa dashibodi, nyanyua gurudumu la mbele na ulizungushe kwa mkono. Waya wa ndani ukizunguka vizuri, shida iko juu. Usipozunguka, uchomoe uutazame. Umekatika? Badilisha. Ni mzima na ulikuwa umekaa vizuri? Kagua gia.

Njia ya kupitisha

Waya mpya ukikatika baada ya muda mfupi, mara nyingi kosa ni njia uliyopitishwa. Fundi anatakiwa kufuata njia ya kiwandani: kutoka gurudumuni, juu kando ya shokapu ya mbele, kupitia vishikio vyake, kisha nyuma ya taa hadi dashibodi.

Kona ziwe pana. Waya unaozunguka hautaki kukunjwa kwa ghafla. Usiguse spoku, tairi wala bomba la moshi, na usibanwe kwa nguvu na kamba za plastiki. Waya mfupi utavutwa, mrefu utaning'inia na kunaswa, kwa hiyo nunua wa modeli ileile.

Kabla ya kuondoka gereji, geuza usukani kulia mpaka mwisho, kisha kushoto. Halafu shika breki ya mbele na ukandamize pikipiki chini mara kadhaa. Waya ukivutika au kujikunja, njia haijakaa sawa.

Kosa jingine hutokea baada ya kuziba pancha ya mbele. Meno ya kiboksi cha gia lazima yaingie kwenye nafasi zake gurudumuni kabla ya kukaza ekseli. Yakikaa vibaya, yanapondwa hapohapo.

Matunzo

Kama waya wa ndani unachomoka, utoe, uufute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na uukaushe. Ubiringishe juu ya meza iliyonyooka: ukirukaruka, umepinda. Ukiona nyuzi zimeanza kufumuka, usisubiri ukatike.

Paka grisi kidogo upande wa chini na katikati. Sentimita 15 za juu ziache bila grisi, maana ikipanda na kuingia kwenye dashibodi inaharibu kifaa ambacho bei yake ni kubwa kuliko waya. Nati ya juu kazwa kwa vidole. Koleo huvunja uzi wake.

Wenye dashibodi za kielektroniki hayo hayawahusu. Wao wana sensa na nyaya za umeme.

Baada ya matengenezo

Kama namba zilisimama muda mrefu na haijulikani oili ina umri gani, imwagwe siku hiyohiyo. Kisha namba ya kilomita iandikwe kwenye karatasi na kubandikwa chini ya siti. Kuanzia hapo hesabu inaanza upya.