Kujijengea au Kununua Mfumo

Waingereza husema build or buy wanapotaja uamuzi wa taasisi inayohitaji programu: iitengeneze kwa kuwatumia watumishi wake, au ikanunue iliyo tayari. Wengi wetu huandika "kujenga au kununua". Kitenzi hakina kosa, maana maofisini mfumo hujengwa. Kinachopotea ni nani anamjengea nani, na ndiyo sababu napendelea "kujijengea".

Ukitaka kuliona tatizo hilo la nani anamjengea nani, tazama neno "ndani". Mwaka 2023 TANePS, mfumo wa ununuzi wa umma uliotoka kampuni ya Ulaya, ulipisha NeST, uliojengwa na wataalamu wa ndani. Ndani ya nchi, sawa. Lakini ofisa ununuzi wa halmashauri ya Mufindi hakujenga wala hakununua kitu, aliletewa. Hospitali nyingi za wilaya nazo zimeletewa GoTHOMIS ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayosimamia serikali za mitaa, kwa ajili ya kusajili wagonjwa na kutoza malipo. Taasisi ya umma ikitaka mfumo wake yenyewe, inapaswa kwanza kupitia Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya 2019.

Uamuzi wenyewe hasa umebaki kwa vyama vya akiba na mikopo, yaani SACCOS, na wengine kama wao. Chukua SACCOS ya wakulima wa kahawa huko Mbeya vijijini. Programu ya dukani inahesabu marejesho kila mwezi, ilhali mkulima hulipa kahawa ikishauzwa. Kufikia mwezi wa tatu wa mkopo, mwanachama mwaminifu anasomeka mdaiwa sugu. Karani hagombani na kompyuta. Anafungua kaunta buku pembeni na kuandika mikopo ya msimu humo. Mimi ningeanzia kwenye kaunta buku hiyo. Kilichoandikwa humo ndicho cha kujijengea. Leja, hisa na akiba zinafanana kila mahali, zinunuliwe.

Kuandika programu si ghali kama kuitunza. Kijana aliyemaliza MUST, chuo kikuu cha sayansi na teknolojia cha Mbeya, ataiandika vizuri tu, kisha apate kazi Dodoma na kuondoka na nywila. Anayenunua naye hulipia leseni kila mwaka, mara nyingi kwa dola, na shilingi ikishuka bei imepanda bila mtu kumwarifu. Kwa vyovyote mkataba useme msimbo chanzi ni wa nani.

Iringa waliwahi kulikabili swali hili upande wa elimu. Shahada ya TEHAMA iliyoanza 2007 katika chuo cha Tumaini, leo Chuo Kikuu cha Iringa, iliandaliwa pamoja na wahadhiri wa Joensuu, Finland. Wangeweza kubeba mtaala wa Joensuu mzimamzima; wakaamua kuusuka upya kwa mahitaji ya Tanzania.

Ipo pia njia ya katikati, kununua kisha kuongezea kipande chako, kama ile mikopo ya msimu. Mafundi huiita kukastomaizi, na sioni haja ya kuwatafutia neno jingine.