Ruzuku ya safari kwa wasanii

Ruzuku ya safari ni fedha anayopewa msanii ili akajifunze, aonyeshe kazi au ashirikiane na wenzake nje ya nchi yake. Hairudishwi, tofauti na mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania. Art Moves Africa, shirika lililotoa ruzuku za aina hii, lilisaidia nauli, viza na bima kwa wasanii waishio Afrika waliosafiri ndani ya bara.

Faida ya kutoka nje ya nchi inaonekana kwa Sam Ntiro (1923–1993), mchoraji wa Machame, Kilimanjaro. Baada ya Chuo cha Makerere, Uganda, alisoma katika shule ya sanaa ya Slade, London, kuanzia 1952 hadi 1955. Mwaka 1960 Museum of Modern Art ya New York ikanunua picha yake. Hakuacha kuchora migomba na kazi za kijijini kwao.

Lakini kwa msanii wa Lushoto gharama za safari kama hiyo huanza mapema: kuteremka milima ya Usambara kilomita 33 hivi hadi Mombo, kupanda basi la Dar es Salaam zilipo balozi nyingi ili kuomba viza, kulala huko, pengine kurudi tena kufuata pasipoti. Ruzuku inayolipia ndege peke yake haimtoshi.