Kufungua Programu Rahisi, Kuifunga Ndiyo Kazi

Mwaka 1991 kampuni ya Apple ilitoa System 7, mfumo endeshi mpya wa kompyuta zake za Macintosh, na humo ikawawekea watengenezaji wa programu sharti dogo. Kila programu iliyotaka kwenda sambamba na mfumo huo ilitakiwa iitikie amri nne kutoka nje: anza kazi, fungua faili, chapisha faili, jifunge. Nje hapa maana yake ni programu nyingine. Hakuna mkono wa mtu kwenye kipanya, hakuna anayebofya.

Katika amri hizo nne, tatu hazina ubishi. Ya nne ndiyo yenye kesi. Programu inayoambiwa ijifunge huenda imeshikilia barua ambayo mwenyewe hajaihifadhi, na kwa adabu itauliza: nihifadhi, nisihifadhi, au nighairi? Kama mwenye kompyuta amekaa mbele ya skrini, atajibu. Kama amri imetumwa saa nane usiku na skripti, yaani orodha ya amri iliyoandikwa kwenye faili, iliyopangwa kufunga kila kitu kabla ya kunakili data za ofisi, swali litabaki palepale hadi asubuhi, na kazi zote zilizopanga foleni nyuma yake zitabaki nalo.

Wazo lenyewe la kuiandikia mashine orodha ya amri lilitangulia madirisha na vipanya. Mfaransa Louis Pouzin alikuwa akifanya kazi katika chuo cha MIT, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1960, kwenye mfumo ulioitwa CTSS. Alichoshwa na kuandika mfululizo uleule wa amri kila mara, akatengeneza RUNCOM, programu iliyosoma amri kutoka kwenye faili na kuzitekeleza moja baada ya nyingine. Ndiye pia aliyeleta jina la shell, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji, ambalo mafundi hulitumia mpaka leo. Kwenye kompyuta za Linux yapo mafaili ya mipangilio yanayoishia na herufi rc, kama .bashrc. Herufi hizo ni masalia ya RUNCOM, zaidi ya miaka 60 baadaye.

Unix, mfumo endeshi uliofuata nyayo hizo, ulilijibu swali la kufunga bila kuzunguka: amri ya kill. Ikitumwa na namba 15, programu inaombwa imalize mambo yake iondoke. Ikitumwa na namba 9, haiombwi wala haiambiwi. Mfumo unaikata hapohapo, na kisichohifadhiwa ndiyo basi tena. Windows nayo ilikuja kupata taskkill, ambayo ukiiongezea /F hufanya ukatili uleule.

Apple ilichagua njia ya upole. Mwaka 1993 ilitoa AppleScript, lugha iliyokusudiwa kusomeka kama mazungumzo ya kawaida, angalau kwa anayejua Kiingereza. Hata leo mwenye Mac anaweza kuandika mstari mmoja tu:

tell application "TextEdit" to quit saving yes

Maneno mawili ya mwisho ndiyo yanayomaliza ile kesi ya saa nane usiku. Jibu limetolewa kabla swali halijaulizwa. Apple ilitengeneza hata lahaja za Kifaransa na Kijapani za lugha hiyo, lakini hazikudumu. Walioikumbatia zaidi si wanasayansi wa kompyuta, bali watu wa uchapishaji, ambao kurasa na picha zao hupitia hatua zilezile kila toleo. Mtetezi wake ndani ya Apple alikuwa Sal Soghoian, aliyejiunga na kampuni hiyo mwaka 1997. Mwaka 2016 nafasi yake ya kazi ilifutwa, na wapenzi wa AppleScript walipiga kelele nyingi.

Upande wa Windows mambo yalikwenda kasi na yakaumiza zaidi. Windows 98 ilikuja na uwezo wa kuendesha skripti za VBScript, lugha ya Microsoft. Karani wa ofisi aliweza kuandika mistari michache inayofungua Outlook, programu ya barua pepe, na kutuma ripoti yenyewe. Tarehe 4 Mei 2000 uwezo huohuo ulitumika vingine. Barua pepe yenye kichwa ILOVEYOU, iliyoanzia Manila, Ufilipino, ilibeba kiambatisho kilichojifanya barua ya mapenzi. Jina la faili liliishia na .TXT.vbs, lakini Windows ilizoea kuficha kiishio cha mwisho, kwa hiyo wengi waliona maandishi tu. Aliyebofya aliiachia skripti iamuru Outlook itume nakala kwa kila jina lililokuwa kwenye kitabu chake cha anwani. Ufilipino wakati huo haikuwa na sheria ya kumtia hatiani mhusika.

Kwetu Afrika Mashariki somo lilikuja kwa flashi. Anayepeleka kazi kuchapishwa kwenye duka la steshenari anavijua virusi vya shortcut: folda zako zinafichwa, na mahali pake panawekwa alama zinazofanana nazo. Vingi vilikuwa skripti za VBScript. Ukibofya, skripti iliyojificha inaanza kazi yake kwanza, kisha inakufungulia folda yako halisi ili usishtuke. Ni ufundi wa kijanja, lazima tukiri.

Tangu hapo kampuni zimekuwa zikirudisha milango. Mwaka 2018 Apple, katika macOS Mojave, ilianza kumuuliza mwenye kompyuta kabla programu moja haijaiamuru nyingine. Mwaka 2022 Microsoft ilianza kuzuia makro, yaani skripti zinazokaa ndani ya faili, kwenye mafaili ya Office yatokayo intaneti. Naona walichelewa, hasa Microsoft: kati ya ILOVEYOU na kizuizi hicho ilipita miaka 22.

Oktoba 2023 Microsoft ilitangaza kwamba VBScript itaondolewa katika Windows hatua kwa hatua. Kama ofisini kwenu kuna faili la .vbs linalofungua mfumo wa mahesabu kila asubuhi, na aliyeliandika ameshahama, mtafuteni fundi aliandike upya kwa lugha ya PowerShell kabla halijagoma.