Lugha ya Vina ya Watu wa London: Asili na Maana Yake

Mara mingi tunasikia wakubwa wanasema kama lugha ya barabarani ni lugha ya wahuni, haina historia. Sisi tunaona vingine. Hata lugha ya barabarani iko na wazazi wake, miaka yake na sababu yake. Mfano mzuri tunaupata Uingereza, upande wa mashariki wa mji wa London, kwa watu wanaoitwa Cockney.

1. Wenye lugha ni nani?

Kufuatana na desturi, Cockney wa kweli ni mtu aliyezaliwa pahali kengele za kanisa la St Mary-le-Bow zinasikika. Walikuwa watu wa kazi ngumu: wabeba mizigo wa bandarini, wauza samaki, wauza matunda wenye kusukuma pusipusi. Lugha yao ya vina ilianza kusikika katika miaka ya 1840. Mwaka 1859, muuza vitabu mmoja, John Camden Hotten, alichapisha kamusi ya maneno ya barabarani, na ndani aliweka orodha ya maneno ya vina. Aliandika kama lugha ile ilianzishwa na watu waliokuwa wakiuza nyimbo na karatasi za habari barabarani.

2. Inatengenezwa namna gani?

Kina ni mwisho wa neno unaolia sawa na mwisho wa neno lingine. Tufanye mfano kwa lugha yetu. Unataka kusema “askari” bila yeye kujua. Unatafuta maneno yenye kulia sawa: “chai na sukari”. Kiisha unatupa “sukari”, unabakiza “chai” peke yake. Ukiita sokoni “Chai inakuja!”, wenzako wanakimbia, na askari anangojea kikombe!

Ni vile Cockney wanafanya. Rafiki kwao ni “mate”. Wakasema “china plate”, sahani ya kaure, kiisha wakabakiza “china”. Kutazama ni “look”. Wakasema “butcher's hook”, ndoano ya mchinja nyama, na leo wanasema paka “butcher's”. Kichwa, “head”, kikawa “loaf of bread”, ni kusema mkate. Mtu akikuambia utumie “loaf” yako, anataka ufikiri. Maneno mengine mara mingi yanasemwa mazima: ngazi, “stairs”, ni “apples and pears”, majina ya matunda mawili. Na bibi wa nyumba, “wife”, wakamwita “trouble and strife”, taabu na ugomvi. Hapo mama zetu watakuwa na la kujibu!

3. Sababu yake ni nini?

Wengine wanasema ilikuwa lugha ya kujificha. Polisi wa London waliundwa mwaka 1829, na wachuuzi walihitaji kusemezana bila polisi wala mnunuzi kusikia. Wengine wanasema ilikuwa mchezo tu, kuchekesha watu. Sisi tunaona hivi: siri peke yake haitoshe. Orodha ya Hotten iliweka maneno mbele ya kila mtu anayejua kusoma, lakini lugha haikukufa. Iliendelea juu ilipendeza, na juu ilionyesha nani ni mtu wetu na nani ni mgeni.

4. Maneno yanatembea

Katika miaka ya 1950 kulikuwa mwimbaji wa Belfast, Ruby Murray. Jina lake likalia sawa na “curry”, chakula cha viungo chenye asili ya Uhindi. Leo kula “ruby” ni kula chakula hicho. Nywele, “hair”, zilipata jina la soko la farasi, Barnet Fair, na sasa watu wanasema “barnet” bila kufikiri farasi hata mmoja.

Mabomu ya 1940 na 1941 yalibomoa nyumba mingi za mashariki ya London, na kiisha vita watu wengi walihamia Essex. Michezo ya televisheni, sawa Only Fools and Horses iliyoanza 1981, ilieneza maneno yao katika inchi nzima. Vijana wanaokaa pale leo wanachanganya Kiingereza na maneno ya Jamaika na ya mahali pengine.

5. Funzo kwetu

Ukitupa kina, unatupa ufunguo. Neno linabaki, lakini nani atajua mlango wake? Orodha ya Hotten ilisaidia kuchunga ufunguo ule. Kwetu Congo, vijana wa Kinshasa wa miaka ya 1950 walikuwa na Indubil yao, na wasemaji wake wa kwanza wanapungua. Basi tusingojee mgeni aje kutuandikia. Tuwaulize wazee wangali hai: neno hili lilitoka wapi, nani alilisema, na alimficha nani? Tuandike majibu yao.