Kopo la oili, karasha la mjomba na historia ya pumzi ya injini

Nilipanga wiki hii niandike siasa kama kawaida yangu, lakini nimekwama kwenye kopo. Ndiyo, kopo! Naombeni mnivumilie, maana hadithi yenyewe inaanzia kwenye injini na inaishia kwenye ng'ombe wa familia yetu.

Nilikuwa Katoro, mkoani Geita, nafuatilia habari za bei ya dhahabu. Chini ya mwembe kulikuwa na gereji ya kienyeji, na hapo Land Cruiser imefunguliwa boneti. Pembeni ya injini kulikuwa na kopo la alumini lenye mipira miwili na kidirisha cha kuonyesha kilichomo ndani. Kijana mwenye gari akanieleza kwa majivuno kwamba ni kifaa cha kudaka oili, wanatumia watu wa mashindano ya magari, na tangu akifunge gari "limekuwa jepesi".

Mzee fundi akacheka mpaka akaweka spana chini. "Mwanangu," akaniambia, "hilo kopo haliongezi nguvu. Hilo ni shahidi."

Neno hilo sijaliacha mpaka leo. Nimerudi nyumbani nikasoma, nikauliza, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwanza somo dogo. Pistoni inapanda na kushuka ndani ya silinda, na imevishwa ringi za kuzuia moto usipite. Lakini hakuna ringi inayoziba asilimia mia. Kila mlipuko unapotokea, moshi kidogo na mafuta yasiyoungua hupenya pembeni na kushuka kwenye tumbo la injini, kule kirenki kinakozunguka na oili inakochapwa. Hewa hiyo ikikosa mlango inajitengenezea: inasukuma sili, oili inavuja, hata kijiti cha kupimia oili kinaweza kuruka. Ndiyo maana kila injini ina tundu la kupumulia. Mafundi wetu wanaliita briza. Kwa karne nzima waunda injini wamekuwa wakijiuliza swali moja: pumzi hii iende wapi?

Jibu la kwanza lilikuwa rahisi: iende kwa jirani. Magari ya zamani yalikuwa na bomba linaloelekea chini, barabarani. Gari likitembea, upepo unanyonya ule moshi na kuuacha njiani pamoja na matone ya oili. Gari likisimama kwenye foleni, upepo hakuna, na uchafu unabaki humo humo tumboni.

Waingereza wa kampuni ya Lister, waliotoa injini yao maarufu ya dizeli mwishoni mwa miaka ya 1920, walikuwa na ujanja zaidi. Wazee wa Usukumani wanaijua, ndiyo iliyokuwa ikisaga mahindi kwenye vijiji vingi, ile ya tuk... tuk... tuk... inayozunguka taratibu, mara 650 hivi kwa dakika. Kwenye mlango wa tumbo lake kuna kilango kidogo kinachoruhusu hewa kutoka na kuizuia kurudi. Tumbo linabaki na mvuto mdogo wa ndani, na oili haivuji ovyo. Kitu kidogo, lakini mashine nyingi za aina hiyo zimedumu kuliko wenye nazo.

Jibu la pili lilikuja na vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vifaru vilitakiwa kuvuka maji ya kina, na bomba lililo wazi lingeingiza maji kwenye injini. Basi wakafunga njia ile na kuirudisha pumzi kwenye njia ya hewa, injini iinyonye na kuichoma yenyewe. Baada ya vita mwanasayansi mzaliwa wa Uholanzi, Arie Haagen-Smit, aliyekuwa akifanya kazi California, akaonyesha kwamba ukungu mchafu uliokuwa ukiwaliza machozi watu wa Los Angeles ulitokana na moshi wa mafuta unaopikwa na jua. Na sehemu ya moshi huo haikupita kwenye ekzosi kabisa, ilitokea kwenye lile bomba la kupumulia! Magari mapya ya mwaka 1961 yaliyouzwa California yakawa na vali ndogo ya kurudisha pumzi ndani, na kufikia 1963 viwanda vya Marekani vilikuwa vimeiweka kwenye magari yao mapya nchi nzima. Hiyo ilikuwa moja ya hatua za kwanza kabisa duniani za kudhibiti uchafu wa magari.

Lakini kumrudishia mtu pumzi yake kuna gharama. Ile hewa inakuja na ukungu wa oili. Oili inapaka njia ya hewa, inapaka vali, na kwenye injini ya petroli inayokamuliwa sana inafanya mafuta yalipuke kabla ya wakati wake. Watu wa mashindano hawakuitaka. Na kuiacha wazi nayo ikawa hatari, maana oili ikimwagika kwenye kona, dereva anayefuata anakwenda na maji.

Hapo ndipo likaja jibu la tatu: kopo. Kanuni za shirikisho la kimataifa la mchezo wa magari, FIA, zikataka gari lenye briza iliyo wazi liwe na chombo cha kudakia oili: angalau lita 2 kwa injini isiyozidi sentimita za ujazo 2,000, na lita 3 kwa injini kubwa zaidi. Tena chombo kionyeshe kilichomo. Sasa mnaelewa kile kidirisha cha Katoro kilikotokea.

Sisi nasi hatuko mbali na historia hiyo. Safari Rally ilipoanza mwaka 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na wazo la awali lilikuwa kuzunguka Ziwa Victoria, yaani huku huku kwetu, likaachwa kwa kuhofia matope ya masika. Bert Shankland, dereva wa Dar es Salaam, aliishinda mwaka 1966 na 1967 akiwa na Peugeot 404. Adui mkubwa wa injini kwenye mashindano yale alikuwa vumbi. Na vumbi ndilo linalonirudisha kwa mjomba.

Machi 2008 bei ya dhahabu ilivuka dola 1,000 kwa wakia kwa mara ya kwanza. Migodi mikubwa ilikuwa tayari imeshafunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, lakini habari ile iliwasha moto zaidi kwa wachimbaji wadogo. Mwaka uliofuata mjomba wangu, mfugaji wa huko wilayani Kahama, aliuza ng'ombe sita akanunua karasha la kusaga mawe na injini ya dizeli ya Kichina ya kuliendesha, ile ya silinda moja. Mimi nilikuwa shule ya msingi. Likizo nilikuwa nashinda pale bandani, kazi yangu kupeleka uji.

Baada ya miezi kadhaa injini ikaanza kutoa moshi kwenye briza kama mtu anayevuta sigara. Moshi ulijaa banda, vijana wakawa wanakohoa. Fundi mmoja akaja na akili aliyoiona kwenye magari: akachukua mpira, akaunganisha briza na njia ya hewa, moshi uliwe na injini. Banda likawa safi, wote tukampigia makofi. Kisha, kwa kuwa injini ilikuwa inakula oili, akaongeza oili, akaongeza tena, ikapita alama.

Siku ya tatu injini ikaanza kukimbia yenyewe. Nilikuwepo. Mlio ulipanda, ukapanda, ukawa kilio. Kijana akafunga mafuta, injini haikujali. Injini ya dizeli haina cheche ya kuzimwa. Inahitaji hewa na kitu cha kuungua tu, na sasa ilikuwa inakunywa oili yake yenyewe kupitia ule mpira. Mjomba alipiga kelele tukimbie. Kisha ukasikika mshindo mmoja, na kipande cha chuma kikatoka ubavuni mwa injini kikampita kijana mmoja karibu na sikio. Halafu kimya...

Hakuna aliyekufa, tumshukuru Mungu. Lakini ng'ombe sita ndio walikuwa ada ya sekondari ya binamu yangu mkubwa, na hakurudi shule.

Miaka yote hiyo kwetu tumesema ni ile injini ya Kichina, mbovu. Nilipomsimulia yule mzee wa Katoro, akatikisa kichwa. "Karasha lenu lilikuwa mita ngapi kutoka kwenye injini?" Nikamwambia kama tatu. "Na ekilina ilikuwa inasafishwa lini?" Nikanyamaza.

Ndiyo kiini chenyewe, wadau. Lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu ni gumu kuliko chuma cha silinda. Ukilisaga mita tatu kutoka kwenye injini yenye chujio bovu, injini inavuta unga wa msasa mchana kutwa. Ringi zinakwisha, silinda inapanuka, mlipuko unapenya chini, na briza inapiga kelele kwa niaba ya wote. Fundi wetu alimziba mdomo shahidi, tena akamlisha maneno yake mwenyewe.

Kopo lingeokoa nini? Ringi zisingepona. Lakini lingekaa kati ya briza na njia ya hewa, lingepoza ule ukungu, matone yangeshuka chini, na mjomba angeona kwa macho yake: wiki hii kijiko, wiki ijayo kikombe, wiki ya tatu nusu lita. Mfugaji anajua kusoma hesabu ya namna hiyo. Angesimamisha kazi, angebadilisha ringi na kulihamisha karasha.

Kwa wenye magari yenye turbo mnaotaka kufunga kopo, mzee aliniachia mawaidha matatu. Moja, chupa ya soda iliyozibwa kabisa ni hatari, maana pumzi isipotoka sili zinapasuka. Mbili, kopo lisilomwagwa ni bomu, kwani likijaa oili yote inakwenda kwenye injini kwa mkupuo, na kwa dizeli matokeo mmeyasikia. Tatu, ukikuta humo kitu cheupe kama mtindi wakati wa baridi usikimbilie kulia gasketi. Mara nyingi ni mvuke wa maji umechanganyika na oili, hasa kwa safari fupi fupi. Na uchafu huo usiumwage kisimani jamani.

Moshi wenyewe nao si wa kudharau. Mwaka 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, na kati ya ushahidi uliotumika ulikuwa utafiti wa wachimbaji wa migodini Marekani zaidi ya 12,000. Nchini humo injini za dizeli za malori zenye turbo zilisamehewa kwa miaka mingi, zikapumua hovyo, mpaka injini za mwaka 2007 ndipo pumzi ile ikaanza kuhesabiwa pamoja na moshi wa ekzosi. Kama kwao imechukua muda wote huo, vijana wetu waliokuwa wakikohoa kwenye mabanda ya bati walikuwa na nani wa kuwahesabia?

Jana nimempigia mjomba, nikamweleza habari za kopo. Alikaa kimya muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akauliza, "Kwa hiyo lile vumbi?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mjomba. Lile vumbi."

"Basi," akasema, "ilikuwa inatuambia."