Utafiti wa Sheria na Uzito wa Hukumu: Kesi ya Akayesu mjini Arusha

Katika sheria ya jinai ya kimataifa, yaani tawi la sheria linalomwajibisha mtu binafsi kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu na uhalifu wa kivita, utafiti wa sheria mara nyingi huchukuliwa kuwa kazi ya pembeni ya kuwakusanyia majaji na mawakili marejeo. Mtazamo huo haukubaliki. Jaji wa mahakama ya nchi huikuta kanuni ya adhabu imekwisha kutungwa na bunge, ilhali mwenzake wa mahakama ya kimataifa hulazimika mara kwa mara kuthibitisha kwanza kwamba katazo lilikuwapo siku tendo lilipofanyika, kwa kuwa hakuna anayepaswa kuadhibiwa kwa jambo ambalo sheria haikulikataza. Uthibitisho huo ukilegea, ama mshtakiwa huonewa ama mwathirika hukosa ulinzi.

Hukumu dhidi ya Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba nchini Rwanda, inalidhihirisha hilo. Ilitolewa tarehe 2 Septemba 1998 mjini Arusha na mahakama ya kimataifa ya Rwanda, iliyoundwa na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa kwa Azimio 955 la mwaka 1994, nayo ndiyo ya kwanza ya mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi. Mkataba wa mwaka 1948 wa kuzuia na kuadhibu mauaji ya kimbari unalinda makundi manne tu: ya kitaifa, ya kikabila, ya kimbari na ya kidini. Majaji walieleza kabila kuwa kundi lenye lugha au utamaduni mmoja, kisha wakajikuta katika ugumu, kwa sababu Watutsi, waliolengwa katika mauaji hayo, na Wahutu walizungumza Kinyarwanda na kuishi utamaduni uleule. Wakarejea kumbukumbu za majadiliano yaliyozaa mkataba, wakahitimisha kwamba watunzi walikusudia kulinda kila kundi thabiti na la kudumu. Uamuzi ulikuwa wa haki. Njia iliyoufikia ilikuwa dhaifu, maana dini hubadilishwa na bado inalindwa, na matini ya mkataba yenyewe hayafungui mlango kwa kundi la tano. Hoja imara zaidi ilikuwa mbele yao, nayo hukumu yenyewe inaitaja: vitambulisho vya serikali vilivyotaja kabila la kila Mnyarwanda. Majopo ya mahakama hiyo yaliyofuata yalitilia mkazo zaidi namna jamii na wauaji walivyowatambua watu, na hapo sheria ikapata msingi usioyumba.

Kosa kubwa zaidi lilitokea upande wa sheria ya kibinadamu ya kimataifa, yaani kanuni zinazowalinda raia na wasiopigana wakati wa vita. Akayesu aliachiwa katika mashtaka ya kukiuka Kifungu cha 3 kinachopatikana katika Mikataba yote minne ya Geneva ya mwaka 1949, kwa hoja kwamba haikuthibitishwa kuwa alikuwa askari au mtu aliyepewa mamlaka ya kuunga mkono juhudi za vita. Tarehe 1 Juni 2001 jopo la rufaa lilisema wazi kwamba sharti hilo halimo katika sheria: kifungu kinaweka ulinzi wa chini kabisa kwa waathirika, na ulinzi huo ungepunguzwa endapo wahalifu wa namna fulani wangewekwa kando. Hata hivyo hukumu ya kuachiwa haikutenguliwa, kwani mwendesha mashtaka aliomba ufafanuzi wa sheria tu. Kwa waathirika wa Taba, marekebisho hayo yalikuja yakiwa yamechelewa.

Ubakaji nao, ambao hukumu hiyo ilikubali kwamba unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari, haukuwa na maana iliyokubalika katika sheria ya kimataifa. Ilibidi majaji wa Arusha, na baadaye wale wa mahakama ya Yugoslavia ya zamani mjini The Hague waliolinganisha sheria za nchi nyingi, waijenge hatua kwa hatua.

Mahakama ya Arusha ilifungwa tarehe 31 Desemba 2015, na nyaraka zake zimehifadhiwa mjini humo na chombo cha Umoja wa Mataifa kilichorithi shughuli zake. Vitivo vya sheria vya Dar es Salaam, Nairobi, Makerere na Rwanda vina wajibu wa kuwapeleka wanafunzi wao kuzisoma, kuzihoji na kuandika juu yake, pia kwa Kiswahili, kabla ya kesi nyingine ya namna hiyo kufunguliwa.